Siteri Anaomba Neno la Siri

Alhamisi, 3 Agosti

Leo nimekataliwa mara arobaini na tatu. Na kompyuta! Ujanani sikukataliwa hivi hata kwenye dansi za ukumbi wa kanisa, na meno nilikuwa nayo haya haya.

Niandike vizuri, nisije nikasahau nilihangaikia nini. Miaka ishirini na miwili nimejibu simu ya ofisi ya meli hapa Levuka. Meli imefika? Bado. Mikeka yangu ina nafasi? Ina. Sasa nimetengeneza wa kujibu badala yangu. Si mtu, ni sauti tu ndani ya kompyuta – nimemwita Siteri. Ratiba anaijua yote, na adabu ananishinda. Kilichobaki ni kumfungulia daftari la nafasi, ili kila mteja aweke au afute mzigo wake bila kugusa wa mwenzake. Mteja anamtajia Siteri jina na neno la siri. Siteri anayapeleka kwa seva. Seva ikiridhika inampa tokeni – kama ile ya umeme, ila ndefu kama mahubiri – na kwa tokeni hiyo Siteri anaingia daftarini saa moja tu. Neno la siri lenyewe anatakiwa alisahau papo hapo.

Kwenye kozi ilionekana rahisi. Wenzangu kwenye kozi walikuwa na miaka ishirini. Mimi hamsini na mmoja.

Bosi wetu, Bwana Narayan, kasema onyesho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Likifaulu, Siteri ni wangu na kitengo kipya cha simu ni changu. Likishindwa, kazi inapewa kampuni moja ya Suva, mji mkuu, nami narudi kwenye simu. Aliyasema kwa upole kabisa. Akiwa mpole ndipo ninapomwogopa.

Ijumaa, 4 Agosti

TOKENI! Saa nne na dakika kumi asubuhi!

Kosa lilikuwa nafasi moja tupu mwishoni mwa neno la siri. Kidole changu kinene hiki! Nimeifuta, nikabonyeza. Seva ikanyamaza, kisha ikamwaga herufi skrini nzima. Nikapiga yowe. Sireli wa stoo akaja mbio na kizimamoto.

Sireli ni mtani wangu. Watu wa kisiwa chao na wa chetu wanataniana tangu enzi za mababu – anaweza kunitukana mchana kweupe na kunivua viatu nisifungue mdomo. Akatazama skrini kwa huruma. "Mama Makereta, hiki ndicho unacholilia? Paka wangu akipita juu ya kibodi anaandika vizuri zaidi." Nikamwambia kwao paka ndio waliosoma. Akachukua babakau zangu mbili, maandazi yangu ya chai, akaenda zake. Haki yake.

Nyumbani nimemsomea Ilaitia tokeni nzima, kwa sauti ya mapozi. Mume wangu huyu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni zaburi ya ngapi.

Jumatatu, 7 Agosti

Wateja kumi na wawili wa majaribio wamekuja. Nimewaingiza kwenye chumba kidogo mmoja mmoja, kila mtu kachagua neno lake. Bibi Vasiti, miaka sabini na minane, alitaka kujua kama Mungu naye asiambiwe. Nikasema Mungu anaruhusiwa. Mwingine yeyote, hapana! Wote wakaitikia ndiyo, kwa sauti moja, kama kwaya.

Na Siteri alivyowapokea! Kila mtu kwa jina lake, kila mtu na mzigo wake. Bibi Vasiti aliiaga simu kwa kuipungia mkono. Bwana Narayan alisimama mlangoni akakaribia kutabasamu. Nimerudi nyumbani naimba, sauti ya pili, ambayo si sauti yangu.

Jumanne, 8 Agosti

Balaa.

Nafasi kumi na mbili za mikeka, zote kwa jina la Bibi Vasiti. Na ng'ombe mmoja kwa jina la mchungaji wa kanisa, ambaye hana hata kuku.

Nimempigia Bibi Vasiti. "Bibi, nani kakuchukulia neno lako?"

"Hakuna aliyechukua, mwanangu. Jirani kaja, kakaa chini, kasema kerekere. Kaniomba vizuri! Ulitaka nimjibuje?"

Kweli, angemjibuje? Mtu akisema kerekere unampa: chumvi, shoka, shati la mwilini. Ndivyo tulivyolelewa. Jana jioni, kabla bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha barazani, halijazunguka mara tatu, maneno yote kumi na mawili yalikuwa yameombwa na kutolewa. Sireli akanitajia yote, kama anaita mahudhurio ya darasa. Halafu akanikonyeza: "Ila la kwako ndilo la aibu, Mama. *Ilaitiamtamu*? Katika umri huo?"

Nikamwuliza kwa ukali kalipata wapi.

"Kwako! Jana, wakati wa chai. Nilisema kerekere."

Na nilimpa. Nakumbuka kabisa. Nilikuwa namimina maziwa.

Bwana Narayan hakupaza sauti. Alisema labda siri haziwezi kukaa kwenye kisiwa hiki, labda watu wa Suva watajua la kufanya. Onyesho ni Ijumaa ile ile.

Jumatano, 9 Agosti

Nimewapa maneno ya siri marefu zaidi. Yameombwa, yakatolewa, marefu hivyo hivyo.

Nimeweka onyo jekundu. Sireli anasema rangi inapendeza.

Sijaimba.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeipata! Nimeipata nikifua!

Asubuhi jirani kaja kuomba mashine ya kukatia majani. Ilaitia hakumpa ufunguo wa banda. Kaingia mwenyewe, kaitoa mashine, kamwambia airudishe kabla ya mvua. Basi. Aliyeomba kapewa. Ufunguo uko mfukoni. Hakuna aliyenuna! Nami nimesimama na povu mpaka kwenye viwiko, naangalia mfuko wa suruali ya mume wangu kama sijawahi kuuona.

Tokeni! Si ndiyo kazi yake? Kwa nini uhangaike kumnyima mtu neno la siri, wakati unaweza kumpa tokeni? Nimeacha shuka kwenye beseni, nimekimbia ofisini na kandambili za Ilaitia.

Sasa ni hivi. Ukiombwa, mwambie Siteri "nitolee tokeni ya jirani." Anakupa tarakimu sita. Ni za saa moja, za kazi moja uliyoitaja: kutazama, au kuweka mzigo mmoja. Kufuta cha mtu haziwezi. Umetoa, hukunyima, na neno lako umebaki nalo. Saa tisa alasiri ilikuwa inafanya kazi, baada ya makosa matano tu. Kwangu matano ni kama hakuna.

Tukajaribu kwa Bibi Vasiti. Sireli kakaa chini mbele yake, kakunja miguu, kalegeza sauti mpaka ya yatima: kerekere, bibi, neno lako la siri. Bibi akasema subiri, akanong'ona na simu, akamtajia tarakimu sita. "Haya. Nimekupa, sijakupa?"

Sireli akaingiza gunia moja la dalo, magimbi yetu. La pili likakataa. Baada ya saa moja akajaribu tena, na Siteri akamwambia kwa adabu zote kwamba muda wa tokeni umekwisha, apumzike.

"Mama Makereta," kasema Sireli, "huyu Siteri wako ana roho mbaya kama watu wa kisiwa chenu."

Sijawahi kusifiwa hivyo. Nimecheza na ufagio stoo nzima.

Wote tumebadilisha maneno ya siri. Langu jipya siliandiki hata humu.

Ijumaa, 11 Agosti. Saa tano unusu asubuhi, ofisini

Naandika onyesho likiwa katikati, wageni wako kwenye chai. Nusu ya kwanza imepita bila doa! Nahodha wa meli kamwita Siteri "binti yangu." Watu wawili waliotumwa na ile kampuni ya Suva wamemwomba Bibi Vasiti neno lake mara nne, na mara nne kawapa tokeni, na bado wanamshukuru! Uamuzi wa Bwana Narayan ni baada ya chai. Nacheka peke yangu kama niliyelewa.

Baadaye kidogo. Bwana Narayan kaingia, kafunga mlango. Kaketi – chini! Mkekani, kakunja miguu. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumwona akikaa chini.

Mama mkwe wake lazima asafiri kesho, kuna harusi Nausori. Meli imejaa. "Makereta," kasema, taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya, "kerekere. Neno lako la siri. Lile la msimamizi."

Lile linalofungua kila jina. Linalomtoa mmoja na kumweka mwingine.

Ananijaribu, au kweli anaomba? Uso wake hausemi. Nikimnyima, sijui baada ya chai atasema nini, tena nitakuwa nimemnyima mtu aliyekaa chini akaomba. Nikimpa, basi Bibi Vasiti wa watu kanishinda, na Siteri ni mapambo tu.

Nimemwambia, "Nakupa, Bwana. Subiri kidogo."

Simu nimeiweka nyuma ya daftari hili, nimemwandikia Siteri ombi. Anadhani ninachoandika humu ndicho neno lenyewe. Tokeni: saa moja. Mwombaji: D. Narayan. Kazi: kutazama tu. Tarakimu sita zimekuja. Nazinakili hapa chini kwa mwandiko mzuri kuliko wangu wote, nipate kuichana karatasi –

Kashanyoosha mkono.