Mstari Shingoni mwa Mbuzi wa Sukari

Kwa baba yangu Mwalimu Hamisi, Pangani.

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani na wanafunzi wako, na kifua chako hakikusumbui tena. Mama je, mguu wake? Na mvua mmepata? Mimi mwanao ni mzima wa viungo, ila mgongo unauma kidogo na moyo unauma zaidi. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Bado nipo huku kwenye maingilio ya Rufiji, mto unapomwagikia baharini, nyumbani kwa Mdachi anayesimamia ukataji wa mikoko. Kazi yangu ni ileile ya jikoni. Utacheka, au utakasirika, maana mwanao uliyemtaka awe mwalimu sasa anajulikana kwa keki. Mke wa Mdachi alinifundisha kuoka keki kwa makaa ya chini na ya juu, kisha kuichonga kwa kisu mpaka iwe umbo la kitu. Baada ya hapo sukari hutwangwa kinuni mpaka iwe laini kama unga, ikachekechwa kwa kitambaa, ikapigwa na ute wa yai na ndimu, nami nikaipaka. Ikikauka inakuwa nyeupe na ngumu. Nimeshatengeneza nyumba, mashua, na kondoo wa sikukuu yao. Nisikufiche, baba, najua kuipaka ile sukari. Wageni wakisifu huwa nasimama nyuma ya mlango nisikilize.

Lakini sikusahau uliyonifundisha. Unakumbuka nilivyokuwa nikichora paka kwenye ubao wangu wa chuoni, ule wa kuandikia Kurani? Hukunichapa. Ulichukua kalamu ukapitisha mstari shingoni mwa yule paka, ukasema, "Huyu sasa kakatwa kichwa, hana roho, hutaulizwa juu yake siku ya Kiyama." Basi kila mnyama niliyempaka sukari humu ndani, nilimaliza kwa kumzungushia mstari mwembamba shingoni kwa sukari iliyounguzwa, nikapiga bismillahi. Mama mwenye nyumba alidhani ni pambo. Mimi sikumweleza.

Sasa mmesikia huko habari za vita. Watu wa milimani wamewainukia Wadachi, wanakunywa maji ya dawa wakiamini risasi haziwapati. Wengi wao huvaa uzi shingoni wenye kijipande cha mwanzi, na dawa imo ndani. Upande wa Kibiti na Mtunda vijiji vimechomwa, na maghala ya mpunga pamoja navyo. Watu wanachimba mizizi porini. Na mimi huku napiga mayai kwa sukari. Ndivyo mambo yalivyo, siwezi kuyapamba.

Jikoni nasaidiwa na Bi Mwanahawa, mwanamke wa Mtunda, mtu mzima kuliko dada yangu. Yeye ndiye anayetwanga sukari. Mumewe ameingia msituni tangu vita vianze, na hakuna anayejua yuko upande gani, au kama yu hai.

Mtoto wa nyumba hii ana mbuzi mweupe anayempenda sana. Siku yake ya kuzaliwa akataka keki ya mbuzi huyo. Nikamtengeneza, masikio ya biskuti, ndevu za sukari, na mstari wake shingoni. Siku hiyo akafika mkubwa mmoja wa askari, yuko njiani kwenda kambi yao ya Kibiti. Keki ilipowekwa mezani, yule bwana alikodoa macho. Akanyoosha kidole kwenye ule mstari, akasema neno moja tu kwa lugha yao, kisha akamvunjavunja mbuzi wa watu kwa upanga, akitafuta dawa ndani. Mtoto alilia. Mkalimani akatuuliza, "Nani humu jikoni ametia alama ya watu wa maji?"

Baba, nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia keki. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Waliniangalia, wakaona kanzu yangu na kofia yangu, mtu wa Pangani, mtu wao. Wakamwangalia Bi Mwanahawa, mtu wa Mtunda, mumewe yuko msituni. Wakamkamata. Alipita mbele yangu hajasema kitu, na mimi sikusema kitu.

Siku ya kwanza nilijiambia watamwachia wenyewe. Siku ya pili nilijiambia nikisema watanitundika, na ninyi mtabaki na nani? Huo ulikuwa woga tu, nimeutafutia nguo nzuri. Kuswali niliswali, lakini kila nikiinama nauona mkono wake kwenye mchi. Siku ya tatu nikamweleza mama mwenye nyumba ukweli wote. Akaniandikia karatasi, kwamba hata kondoo wa sikukuu alikuwa na mstari ule ule, tena kabla ya vita. Nikapanda mtumbwi, nikashuka nikatembea kutwa nzima mpaka Kibiti.

Kule nilimweleza yule mkubwa habari ya chuo, na paka, na roho. Mkalimani alikuwa Mwislamu. Aliinamisha uso alipokuwa akitafsiri. Yule mkubwa alisoma karatasi mara mbili, akacheka, akaamuru nichapwe kwa kuwapotezea muda, na Bi Mwanahawa aachiwe. Ndiyo maana mgongo unauma. Si kitu. Nilimwona alivyotolewa, kanga imegandana na mgongo wake, nikajua wangu haujapata hata nusu.

Tulirudi pamoja, yeye mbele. Nilipoona siwezi tena kuficha nikamwambia, "Bi Mwanahawa, ule mstari ulikuwa wangu."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Kaka Saidi, sukari natwanga miye. Tangu yule kondoo nakuona ukipitisha kijiti shingoni, na midomo inasoma. Nikajua ni mambo yako ya chuoni."

"Na walipokuuliza?"

"Nikawaambia sijui."

"Kila siku?"

"Kila walipouliza. Miye walikuwa wananichapa tu. Weye, mwanamume, wangekutundika siku ile ile."

Nikasimama pale njiani nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akasema twende, jua linapanda.

Sasa tumerudi kazini. Wanyama siwatengenezi tena, nimemwambia mama mwenye nyumba nitapaka nyumba na maua tu, naye amekubali. Swali langu kwako si la sanamu, baba, hilo najua utalipata vitabuni. Nakuuliza juu ya zile siku mbili. Mtu akikaa kimya hivyo, kisha akasema, anahesabiwa kuwa amesema? Nijibu ukweli, usinionee huruma kwa kuwa ni mwanao. Na Ijumaa waombe wanafunzi wamsomee dua Bi Mwanahawa wa Mtunda, mumewe arudi salama.

Nisalimie mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Zaituni na watoto wake, na mjomba Makame mshona kofia, kofia yake ndiyo hii ninayoivaa. Barua hii nimempa mtu anayerudi Pangani na boriti, mpeni maji na chakula.

Nikiwa naandika, Bi Mwanahawa amepita na ungo wake, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia baba, namweleza yote. Akasema, "Msalimie. Mwambie mwanawe alikuja."

Hakusema kwamba nilichelewa. Hilo nakwambia mimi.

Mwanao,
Saidi