Jina la Kaka Yangu Halitajwi Nyumbani

Kiplombe, Eldoret. Jumamosi, 16 Agosti.

Mvua imenyesha tangu mchana, na baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta mbili. Naahidi kusema yote. Sitaruka kitu, hata pale nitakapoonekana mjinga, kwa sababu wiki nzima nimeandika nusu nusu hapa mtandaoni na kila mara nimefuta kabla ya kutuma.

Nianze na hili. Kaka yangu alikuwa mwanahewa. Alikuwa fundi wa helikopta, na mwezi wa Aprili helikopta yao iliangushwa vitani, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliitwa Kibet.

Nimeliandika jina hilo polepole. Ni hapa tu ninapoweza.

Kwetu, jina la kijana aliyekufa kabla ya kuoa halitajwi. Hakuna aliyetukalisha chini akatupa amri. Ukimya ulianza tu siku ile tulipotoka kaburini. Mama humwita "yule." Baba hamwiti kabisa; taarifa ya habari ikifika kwenye vita, yeye huzima redio na kwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ametoka kuwaangalia sasa hivi. Kaka yangu mkubwa, Kiprono, akilazimika husema "mwenye buti," maana buti zake bado ziko chini ya kitanda. Mimi nasoma shule ya bweni. Niliporudi likizo hii nilikuta wote wameshazoea, kama darasa lililomaliza somo nikiwa sipo.

Mtu mmoja tu hulitaja. Ni Mama Shiro, mwenye duka pale barabarani. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Murang'a, na mila yetu haimfungi. Akiniona tu hupaza sauti, "Dada ya Kibet! Karibu!" Wiki hii nimenunua vibiriti kwake mpaka jana akaniuliza, "Kibiriti tena? Kwani huko kwenu mnavitafuna?"

Nikacheka. Sikumwambia kwamba sikuja kwa sababu ya kibiriti. Nadhani anajua, kwa sababu nilipokuwa natoka aliongeza, bila mimi kumwuliza chochote, "Kibet angekuwa hapa angekwambia ununue mkate, msichana."

Kuna kitu nataka kumkumbusha mtu, na sina wa kumkumbusha. Siku ya mazishi, wanajeshi wenzake walipofyatua risasi hewani kumpa heshima, ng'ombe wetu waliruka ua, na wazee wa kanisa wakawakimbiza kwenye matope wakiwa na suti zao. Ndama mmoja alipita katikati ya viti vya wageni wa heshima. Kibet angecheka mpaka alale chini. Niligeuka kumtafuta, nimwone akicheka.

Kweli niligeuka.

Sasa nije kwa mambo ya leo. Nelly, mke wa Kiprono, alijifungua mvulana siku ya Jumatano, na leo wamama wazee walikuja kumpa jina la ukoo. Sisi ni Wakristo na mtoto atabatizwa, lakini kabla ya hapo ni lazima Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aulize ni nani aliyerudi kwetu. Huita majina ya wazee wetu waliokufa, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, basi ni huyo. Chafya ikichelewa, Kogo humsogezea ugoro kidogo puani.

Asubuhi, tukichambua managu jikoni, nilimwuliza Mama. Sikulitaja jina. Nilisema, "Na yule, je? Wataita lake?"

Mama hakuinua kichwa. "Kijana aliyeenda bila mtoto haitwi. Unataka huyu mdogo arithi safari fupi?"

"Hapana, Mama."

"Basi chambua mboga."

Nilichambua. Lakini nimeahidi kusema yote, kwa hiyo nasema: bado nilitaka. Nilitaka jina lake lisemwe kwa sauti ndani ya nyumba yetu, hata mara moja. Na kama mtoto angepiga chafya, tungekuwa na ruhusa ya kulisema kila siku. Kibet, njoo ule. Kibet, acha kulia. Niliomba hivyo nikiwa na majani ya managu mkononi.

Kogo na rafiki zake wawili walikaa chumbani kwa Nelly, Mama akiwa pembeni. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika beseni la maji moto. Kogo akaita Arap Lel. Kimya. Akaita Arap Songok, na mtoto akapiga miayo.

"Huyo alikuwa mvivu hata akiwa hai," akasema mmoja wa wale bibi. "Tusimngoje."

Wakacheka wote isipokuwa Nelly. Kila Kogo alipofungua mdomo, Nelly aliutazama ule mdomo bila kupepesa, na hapo nikaelewa kwamba anaogopa lile lile ninaloliombea. Niliona aibu. Mtoto ni wake, na alikuwa amemkumbatia kama mtu aliyebeba maziwa kwenye njia ya utelezi.

Ugoro ukasogezwa. Kogo akaita Arap Tuwei, baba mkwe wake, na mtoto akapiga chafya kubwa kuliko mwili wake.

"Uui, mzee amerudi!" Kogo akapiga kelele. "Ficheni pombe!"

Vigelegele vikapigwa. Nelly akalia kwa furaha. Mimi pia nilipiga kigelegele kimoja kifupi. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Wakati wa chai Mama alimchukua mtoto ili Nelly ale. Nilipotoka kwenda kuosha vikombe nyuma ya nyumba, nilimkuta amesimama chini ya paa la stoo, mahali mvua haifiki, amemfunika mtoto kwa leso. Alikuwa anaongea naye. Hakuwa anaita kama Kogo. Alikuwa anamsimulia, kama mtu anayemweleza mgeni habari za nyumbani.

"Ulikuwa na baba mdogo," alimwambia. "Mti alikuwa anaogopa kupanda, lakini ndege hakuogopa. Huyo ni Kibet."

Akamtazama mtoto usoni.

Alikuwa anangoja.

Nilivishika vikombe visigongane. Mvua ilipiga mabati. Mtoto alimtazama Mama, akakunja paji la uso kidogo, kisha akafumba macho akalala. Mama aliendelea kungoja hata baada ya hapo. Halafu akamvuta karibu na kifua, akasema kwa sauti ya chini, "Ni vizuri. Wewe ishi."

Alipogeuka aliniona.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilifikiri atanikemea. Alipangusa uso wake kwa pembe ya ile leso, akauliza, "Chai imebaki?"

"Imebaki."

Tukaingia ndani. Hatukusema kingine mpaka wageni walipoondoka, na hata baada ya hapo tulizungumza habari za sufuria tu.

Miezi yote hii nimedhani ni mimi peke yangu ninayembeba. Likizo hii, nikiwa kitandani, nimemkasirikia Mama kwa kukaa kimya, na yeye yuko chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, naye amembeba. Sijui kama hilo linanipunguzia upweke au linauongeza. Labda ni yote mawili. Lakini leo jioni alipopita nyuma ya kiti changu aliniwekea mkono begani, na hakuuondoa haraka.

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliozika kaka au mtoto na mnaishi na mama kama wangu, nawaomba mnisaidie. Mama amelitaja jina lake mara moja, kwa mtoto ambaye hawezi kumjibu. Kesho asubuhi tutakuwa wawili jikoni. Nikilitaja mimi, nitamwumiza, au ndilo jibu alilokuwa anangoja? Tafadhali niandikieni leo leo, kabla hajawasha moto wa chai.