Roketi Aliyoichukua Mtani

Ijumaa, 2 Agosti 1974

Springi ya mtu wa bati imekubali. Nimeitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa, nikaikata urefu wa vidole viwili, nikaichoma ncha kwa mkaa ili ilainike, nikatoboa tundu. Anatembea hatua tisa, kisha anaanguka kifudifudi. Mguu wa kushoto ni mzito. Kesho nitaupunguza kwa tupa.

Ametoka Nzega. Mnunuzi mmoja wa pamba alimkuta darini, katika duka la marehemu baba yake. Ni wa kumi na moja. Sasa kwenye rafu ya vitu vya kuchezea nina roketi nne, sahani zinazoruka tatu, watu wa bati watatu, gari la mwezini moja. Vyote vilitoka Ujapani, zamani maduka ya hapa yalipokuwa na vitu. Haviji tena. Watu huviona takataka. Mimi huvinyosha kwa mgongo wa kijiko juu ya mfuko wa mchanga, huvitoa kutu kwa mafuta ya taa na majivu. Sipaki rangi mahali alipokwaruza mtoto. Mkwaruzo ni wake, si wangu kuufuta.

Alasiri Mihayo alipita na baiskeli. "Shikamoo, mzee." Nikaitika marahaba. Tuna umri mmoja, na yeye ni mtani wangu. Mtani hamwamkii mtani wake hivyo. Miaka minane sasa ananiheshimu. Inauma kuliko tusi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nyamizi, mke wa Mihayo, ameleta taa yake ya chemli. Utambi haupandi. Akanipa habari nikiwa nimeinamia taa: kaya zote za ng'ambo ya reli zinahamia kijiji kipya, upande wa Ntalikwa. Lori litakuja tarehe 19. Mizinga ya nyuki ya mumewe haina nafasi, itafuata kwa mkokoteni.

Sikuuliza habari ya roketi iliyo kwao. Yeye naye hakuitaja.

Taa inawaka vizuri.

Jumanne, 6 Agosti

Nimelala vibaya. Afadhali niandike.

Ipo roketi ya kumi na mbili, na ndiyo ya kwanza. Mke wangu, Mwanahawa, aliinunua mwaka ule Mrusi alipoizunguka dunia. Nyekundu na nyeupe, mabawa matatu, dirisha la duara, na ndani yake uso wa msafiri anayetabasamu. Hatukuwa na mtoto. Alisema mtoto akija asikute nyumba haina kitu. Mtoto hakuja. Basi akaifanya yake. Wali ukiwa jikoni unakauka, yeye huizungusha ufunguo, huiachia mezani, inakimbia mpaka sahani yangu, cheche zinatoka mkiani.

Alifariki 1966. Msibani Mihayo alifanya wajibu wake. Watani ndivyo walivyo: hunyakua kitu cha marehemu, hufanya vituko, na wafiwa hukikomboa kwa kuku au kwa chochote kidogo. Watu wakacheka, machozi yakapata pa kupumzika. Siku ile Mihayo alijifunga kanga ya Mwanahawa kiunoni, akaweka roketi kichwani, akazunguka uani akitangaza kwamba marehemu amechoka kumpikia Mzaramo huyu, amehamia mwezini. Watu walicheka. Nadhani hata Mwanahawa angecheka.

Mimi nilimwita mwizi. Mbele ya wote. Nikamfukuza.

Akaondoka, roketi ingali kichwani, maana kilichonyakuliwa hakirudi bila kukombolewa. Sikuikomboa. Nilijiona nina haki.

Vitu kumi na kimoja nimekusanya tangu siku ile. Mimi husema ni hamu ya fundi. Uongo. Nilikuwa natafuta kimoja tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Wazee wa akina Mihayo walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, miezi mitatu. Wazee wangu Uzaramo waliwauzia mihogo, wakawatoza ushuru wa kupita, wakapigana nao, wakawazika waliowafia njiani. Utani wetu ulizaliwa humo.

Mimi nilikuja kinyume chao, kwa garimoshi, nikiwa na miaka kumi na tisa na mkoba wa bisibisi, kufanya kazi ya saa za reli. Miaka arobaini na mitano imepita. Pwani nilirudi mara moja. Niliulizwa mimi ni mgeni wa nani.

Hapa wananiita Fundi. Mihayo peke yake aliniita Mzaramo. Tangu alipoacha, hakuna anayenikumbusha nilikotoka.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda. Kanzu safi, kilo ya sukari ambayo siku hizi haipatikani ovyo, na maneno niliyoyaandaa tangu alfajiri. Nilimwambia nilikosea. Nikamwomba radhi. Nilisema vizuri, naamini.

Mihayo alinipa kiti, yeye akakaa juu ya kinu. "Hapana neno, mzee wangu. Yamepita." Akaniuliza afya. Akanipa uji. Akanisindikiza mpaka njiani na kuniaga kwa mikono miwili, kama mtu anavyomuaga mkaguzi. Roketi haikutajwa.

Nilikuwa nimekwisha vuka reli Nyamizi aliponifikia, anahema, sukari yangu mkononi.

"We Mzaramo! Umekuja na samahani kama karani wa mahakama? Samahani hupewa mtu baki. Mume wangu ni mtu baki?"

Nikamuuliza nifanyeje.

"Miaka yote unakula ugali wetu, bado hujui? Mtani hutukanwa! Na sukari hiyo, nani alikwambia roketi hukombolewa kwa sukari?"

Aliondoka nayo, hata hivyo.

Jumatano, 14 Agosti

Upepo. Vumbi limeingia kwenye gia za mtu wa bati, nimemfungua upya.

Natafuta matusi. Yote yananitoka yana adabu, na kilemba kichwani. Nimesoma vitabu maisha yangu yote, hakuna hata kimoja kilichonifundisha kumtukana mtu ninayempenda.

Zimebaki siku tano. Akiondoka na roketi isiyokombolewa, nitabaki hapa na haki yangu. Naogopa. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya swala nilinunua jogoo. Mwembamba, ndiye aliyebaki. Nikaenda naye kwapani, bila kanzu.

Uwanja wa Mihayo umejaa mizigo. Nilisimama katikati ya magunia nikapaza sauti: "Enyi wapagazi! Babu zenu walifikisha pembe za watu mpaka baharini, wewe roketi moja imekushinda kuvusha reli! Mihayo, mzee uliyeumwa na nyuki ukavimba akili, toka nje!"

Sauti ilipasuka kwenye "akili". Majirani waliacha kufunga vitanda vyao.

Alitoka polepole. Hakunitazama mimi. Alimtazama jogoo.

"Huyu ni jogoo, au ni njiwa aliyeazima miguu?"

Nikamjibu amekonda aliposikia analetwa kwake.

"Miaka minane! Kobe angekwisha fika pwani, akaoga, akarudi. Mzaramo we, hata aibu unaitembeza kwa magoti!"

Aliniita Mzaramo. Niliketi palepale vumbini. Naye akaketi. Tulicheka mpaka kikohozi kikanishika. Nyamizi akampokonya jogoo mikononi mwangu.

Roketi imetoka ndani ya mzinga mkavu, imefungwa kwenye kanga ileile. Bati lote limepakwa nta. Nimeikagua kwa kioo cha fundi: hakuna kutu hata kwenye mishono. Bawa moja limepinda. Springi imekatika. Nyamizi anasema kila msimu wa kurina asali mumewe aliitoa, akaipaka nta mpya, akaizungusha mara moja, akairudisha. Mwaka wa tatu springi ikakatika. Alihangaika sana, kwa kuwa mji mzima huu una fundi mmoja tu wa vitu hivi, na hawasemi naye.

Jumapili, 18 Agosti

Vitu hivi havina misumari. Bati hushikwa na vikucha vilivyokunjwa, na kila kikucha hukubali kukunjwa mara mbili au tatu, kisha hukatika. Roketi ina vinane. Nilivifungua jana kimoja kimoja, nimezuia pumzi. Saba vilinivumilia.

Springi nimeitoa kwenye saa ya kuamshia ya Mwanahawa, ambayo sikuwahi kuifungua. Nimeweka jiwe jipya la kiberiti cha petroli kwa ajili ya cheche. Bawa nimelinyosha. Nta sikuigusa, ila mahali pa gia. Kama mkwaruzo ni wa mtoto, nta ni ya Mihayo.

Mihayo alifika saa nne asubuhi. Nilimpa ufunguo, akakataa. "Zungusha wewe. Mimi nimekwisha ivunja mara moja."

Ilikimbia moja kwa moja, cheche mbili, tatu, kisha nyingi, mpaka ukingo wa meza. Mihayo aliidaka kwa kiganja.

Kisha akasema msafiri wa dirishani ana sura ya Kizaramo: anakwenda mbali, anatabasamu, hajui anakokwenda. Nikamjibu, na wewe kesho je? Mara nikajuta. Alikuwa ameinama, anapangusa nta kidoleni.

"Mimi nitapajua. Nyuki wangu wakifika watanionyesha."

Niliiweka roketi kwenye rafu, ya kumi na mbili, tukanywa chai. Hakuniita mzee hata mara moja.

Jumatatu, 19 Agosti

Mihayo alikuja mapema kuomba maji ya njiani. Alikaa ndani muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu. Mimi nilikuwa uani nikimjazia kibuyu.

Lori lilifika saa tatu. Nilisaidia kupakia: kinu, magunia, milango miwili waliyoing'oa. Mihayo aliugusa ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, kama mtu anavyompapasa ng'ombe, kisha akapanda. Nyamizi alipakata taa ya chemli. Jogoo wangu alifungwa juu ya mizigo, yu hai. Nyamizi anasema hawajamchinja kwa sababu hawakuona pa kuanzia.

Lori lilipoondoka Mihayo alipiga kelele kutoka juu: "Mzaramo! Funga mlango, mji huu una wezi!" Watu wote walicheka. Nilipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Nilirudi. Rafu ina vitu kumi na kimoja.

Nilisimama nikaingojea hasira. Niliipa muda wa kutosha. Haikuja.

Ufunguo ameuacha. Umelala palepale ilipokuwa roketi, umepangwa sawa na ukingo wa rafu.

Jumatano, 21 Agosti

Upepo umetulia. Mtu wa bati anatembea hatua kumi na nne, anasimama mwenyewe. Nilimtazama nikiwa nakunywa chai.

Nimefuta vumbi nafasi ya kumi na mbili. Sikuweka kitu.

Nimeulizia njia ya kijiji kipya. Kwa baiskeli, kwa miguu yangu hii, ni nusu siku, na niondoke kabla ya jua kuwa kali. Nimepaka mnyororo mafuta. Ufunguo nimeufunga kwenye kitambaa, umo mfukoni mwa koti.

Jumamosi ni siku ya gulio. Nitatafuta jogoo aliyekonda kuliko yule.