Balbu ya Pili

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini mgongo wako umepoa na tanuri la mikate halikuchoshi sana. Mwalimu wa fizikia ametugawa makundi ili tufundishane wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi wetu tunamwita Profesa. Anaandika ubaoni kama anafukuzwa. Akimaliza anauliza, "Mmeelewa?" Nasi tunaitikia, "Tumeelewa!" Nikifeli mtihani wa muhula naondolewa mchepuo wa sayansi, na uhandisi ndiyo basi tena. Lakini usihofu, naelewa kila kitu. Juzi tumejifunza kwamba balbu mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, ya kwanza inachukua umeme mwingi zaidi.

Mwanao

12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, mdomo bado mzima. Hiyo habari ya balbu imenikaa kichwani. Ina maana ya kwanza inakula, ya pili inaambulia makombo? Na umeme unajuaje ipi ni ya kwanza? Mimi umeme najua kuulipia tu. Nieleze polepole, nami nipate cha kuringia hapa kazini.

Baba yako

9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilianza kukueleza, nikachana karatasi, nikaanza tena, nikachana. Basi Profesa alipouliza kama tumeelewa, nikasema, "Mimi sijaelewa." Kundi zima likanigeukia. Akaniambia nikariri tu. Nikaenda maabara kuomba betri na balbu mbili zinazofanana, nikaziunga mbele ya kundi. Zikawaka sawasawa. Tukazibadilisha nafasi, bado sawasawa. Profesa akaweka chaki chini, akatoka, na tangu hapo haji. Wenzangu wameninunia: mtihani umekaribia na mimi nimemfukuza anayetufundisha. Najuta, Baba. Bora ningenyamaza.

Mwanao

17 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na usijute. Ila umeniacha njiani: zinawaka sawa kwa nini? Nadhani hata huyo Profesa hajui, ndiyo maana amejificha. Wewe umelelewa ukiambiwa kuuliza si ujinga. Yeye huenda hakuna aliyemwambia. Mfuate. Usiende kumringia, nenda na swali langu. Mwambie kuna mzee mmoja wa mikate hajaelewa.

Baba yako

2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimebaki sayansi! Nimeponea chupuchupu, lakini nimebaki.

Nilimkuta Profesa nyuma ya bweni akifua shati lililokwisha kutakata. Nikampa swali lako. Akalisugua shati weee, kisha akasema, "Hata mimi hapo sijaelewa." Nililia, na hadi leo sijui nililia nini. Siku hizi anakaa benchi moja nasi, na chaki inazunguka kwa kila mtu.

Jibu lako ni hili. Umeme ule ule unapita kwenye balbu zote mbili, hauliwi njiani. Kinachogawanywa ni msukumo wa betri, na kwa kuwa balbu zinafanana, kila moja inapata nusu yake.

Profesa anamsalimu mzee wa mikate. Tafadhali, Baba, usijibu kwamba umeelewa. Tueleze wewe, kwa maneno yako. Tunasubiri sote.

Mwanao