Taa Haikukufuata

Baba, shikamoo.

Usiitikie kwanza. Nina hasira, na ukiitikia kwa ile sauti yako ya pole nitalia kabla sijasema nilichokuja kusema. Nimekaa pembeni ya kaburi lako, kwenye ukingo wa vigae vya rangi aliyoichagua Baba Mdogo bila kuniuliza. Karatasi iko juu ya goti, na jua linanichoma mgongo tangu saa nne. Ndiyo, jua. Hapa hapa mgombani kwetu, ambako miaka yote ulikuwa unalitafuta jua na panga mkononi. Nitakueleza lilivyoingia.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike. Jioni ya siku ya pili baada ya mazishi, nyumba ikiwa bado imejaa watu waliotoka mjini na Sanya Juu, taa ya sebuleni ilipepesa mara mbili tatu, ikazimika. Na za vyumbani zikazimika. Mtu mmoja, sijui nani na bora nisimjue, akasema, "Imemfuata mwenyewe." Asubuhi yake hapakuwa na mtu ambaye hajalisikia neno hilo. Solar ya mzee imekufa na mzee, msiiguse. Wengine walilisema kwa huruma kabisa, wakinishika bega.

Mama yako ndiye aliyelishika zaidi. Bibi aligeuza kigoda chake kikatazama ukuta. Nikimletea taa ya mafuta anaisukuma kwa mguu. "Mwanangu ameondoka na taa yake, mwacheni nayo." Akawa analala kuku wanapolala. Mtori nilikuwa nampikia, anaonja kijiko kimoja, ananirudishia bakuli.

Baba Mdogo akakata shauri. Alisema mji wa kaka yake umezimika. Bibi ashuke akakae naye Chekereni kwenye mpunga wake, paneli ifunguliwe ipelekwe huko huko, nyumba ifungwe kufuli, na mimi nikapange chumba Moshi. Nyumba isiyo na taa, alisema, si ya kuachiwa mwanamke na kikongwe. Si mtu mbaya, wewe unamjua. Alikuwa amekonda kwa kilio kama sisi. Lakini Bibi, Baba! Bibi aliyezaliwa kwenye ukungu wa huku, ambaye hata mjini akishuka kwenda hospitali anarudi analalamika kwamba hewa ya huko imepashwa moto. Ungemweka kwenye joto la tambarare angeisha kabla ya mavuno. Na yeye hakukubali wala hakukataa. Alikuwa anautazama ukuta tu.

Na mimi nilinyamaza. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana jambo hili hukuwahi kulijua.

Ulipolazwa ile mara ya kwanza ulinishika mkono ukaniambia, "Manka, angalia maji ya betri. Yakishuka karibu na sahani za risasi, nunua yale ya chupa, yanauzwa kwenye vituo vya mafuta." Nikaitikia. Halafu nikarudi nyumbani nikacheka. Maji ya kununua! Wakati mfongo, mfereji wetu wa mababu, unapita nyuma ya jiko letu, maji yametoka juu msituni, baridi, ukiyaweka kwenye glasi huoni kitu. Sisi ndio tunaowapa watu wa chini maji, leo nikanunue ya chupa? Nilichota jagi, nikayachuja kwa kitambaa cheupe kabisa, nikajaza matundu yote sita. Nilifanya hivyo kwa miezi sita uliyougua, na kila mara niliona fahari. Uliponiuliza, "Umeweka maji?" nilikujibu, "Nimeweka." Hukuuliza maji gani. Ungeuliza ningekuambia. Napenda kuamini kwamba ningekuambia.

Halafu ukaja msiba. Spika za kwaya zilichomekwa kwetu. Simu za ukoo mzima zilichomekwa kwetu, zimepangwa sakafuni, huna pa kukanyaga. Shemeji mmoja alinyoosha suti yake kwa pasi, pasi Baba, ile uliyokuwa ukisema inakunywa kwa dakika kumi kile taa inachokunywa usiku kucha. Ile taa nyekundu ya kwenye kontrola, kile kisanduku cha kulinda betri, ilikuwa imewaka inatuonya, lakini hakuna aliyeiona kwa sababu mtu alitundika koti lake juu yake. Siwalaumu sana. Walikuja kulia, hawakuja kusoma taa.

Wiki ya tatu niliifungua betri, nikaipakata kwenye bajaji ikiwa wima kama ulivyonifundisha, isije ikamwaga asidi, nikampelekea fundi mmoja wa betri pale mjini. Alifungua vifuniko, akachungulia kwa tochi, akavuta maji kidogo kwa kile kipimo chake cha kioo. Kisha akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia juu. Akacheka mpaka akavua miwani. "Nyie watu wa mlimani na maji yenu!" Alisema kila mwezi anazika betri za watu wa mlimani zilizouawa kwa maji mazuri. Maji yetu yamepita kwenye mawe yakabeba madini, kahawa inayapenda, sahani za betri zinaugua. Mimi nikaidhoofisha kwa jagi, matanga yakaimaliza kwa kuinyonya mpaka chini kabisa, wakati wewe hukuruhusu hata siku moja ishuke chini ya nusu. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia. Sikuwa nikiililia betri. Au basi, niliililia na betri pia.

Ningeweza kukaa kimya, unaona? Ukoo ulikuwa umeshapata maelezo mazuri, yenye heshima, yanayokupendeza hata wewe. Taa imemfuata mwenyewe. Nani angenigusa? Lakini kwa maelezo hayo hayo Bibi alikuwa anapelekwa Chekereni.

Siku ya kumaliza matanga, Baba Mdogo alipofika kwenye habari ya kufuli, nikasimama. Sikuwa nimepewa nafasi, nilijipa. Nikasema, "Taa haikumfuata Baba. Niliiua mimi." Nikawaeleza jagi, nikawaeleza kitambaa cheupe, nikawaeleza pasi, na shemeji akaanza kutazama viatu vyake. Shangazi akanivuta gauni nikae. Baba Mdogo akasema kwa upole, "Mwanangu, msiba umekuchanganya." Nikamwambia haujanichanganya, umenifungua macho. Kitu kilichouawa na ujinga wangu kinaweza kufufuliwa na akili yangu. Nipeni mwezi mmoja. Mwezi ukiisha nyumba ikiwa giza, fungeni, mchukueni Bibi, na mimi nitawabebea paneli hadi barabarani.

Nilipokaa niliona Bibi amegeuza shingo. Alikuwa ananitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jioni ile kuona uso wake wote.

Nikamuuza yule mbuzi jike uliyenipa nilipomaliza shule, nikapata betri nyingine. Usinikemee, ningemuuza hata kama ungekuwepo. Kisha nikavaa suruali yako ya kazi nikapanda juu ya bati. Majirani walijipanga kwenye masale ya mpaka kuangalia mwanamke akipanda paa la marehemu. Wacha waangalie. Paneli ilikuwa na masizi ya jiko la Bibi, vinyesi vya ndege, na jani kavu lililoganda kama stempu. Tangu uugue hakuna aliyeifuta. Niliiosha asubuhi kioo kikiwa bado cha baridi, kwa kitambaa laini na maji matupu, bila sabuni ya unga, bila mchanga. Na maji yalikuwa ya mfongo, kwa taarifa yako. Kwenye kioo yanaruhusiwa, mradi uyafute yasikaukie hapo. Sikuwa tayari kuyasusa kabisa.

Nikabaki nimekaa juu kule kuangalia jua linavyokwenda. Saa sita tu, kivuli cha ule mti wa mringaringa kilikuwa kimeshaila kona ya kulia. Uliniambia, "Kivuli kikigusa kona moja, paneli nzima inanuna." Nilidhani ni utani wako. Ndipo nikatazama chini, nikaona.

Unakumbuka jinsi ulivyokuwa unakata majani, jani moja moja, lakini mgomba wenyewe hukuugusa kwa sababu ulipandwa na baba yako? Siku ya mazishi yako vijana wa ukoo waliifyeka migomba yote, kuanzia barazani hadi hapa ulipo, ili turubai lipate pa kusimama. Hakuna aliyeuliza. Ukumbi wa msiba lazima upatikane. Turubai likaondoka, pengo likabaki, na ndani ya pengo jua limemwagika asubuhi hadi alasiri, hakuna mti unaolizuia. Kifo chako kilikata asubuhi moja kile ulichokataa kukikata maisha yako yote. Niliteremka kwenye ngazi nikaenda kutafuta nguzo.

Nikaihamisha, Baba. Nimesimika nguzo nne hapa upande wa kichwa chako, nimeiinamisha kidogo kuelekea kaskazini, kuelekea mlima, ili mvua iteleze na vumbi. Mbuzi hawaifikii. Ncha za boliti nimezigonga kwa nyundo zisifunguke kwa mwizi, na Bibi anaiona kutoka dirishani kwake. Waya nimenunua mnene, maana ulisema mwembamba ukiwa mrefu unakunywa umeme njiani, nikauzika ndani ya bomba. Betri iko stoo juu ya ubao, dirisha wazi ipate hewa, vichwa vyake nimevipaka grisi. Kontrola iko ukutani peke yake. Ule msumari uliotundikiwa koti nimeung'oa.

Jana mchana Baba Mdogo akafika na miche minane ya migomba na jembe begani. Alikuja kuziba pengo, kama inavyofanywa huku msiba ukiisha. Akaikuta paneli imesimama kichwani kwa kaka yake. Sijawahi kumwona vile. "Kaburi si kituo cha umeme!" Alisema nimekuvunjia heshima, nimekugeuza nguzo, watu watasema nini kanisani. Nikamwamkia kwanza. Kisha nikamwambia, "Baba Mdogo, miche ipande nyuma ya jiko, pana nafasi. Hapa hapapandwi." Akachomeka jembe ardhini. Na mimi nikasimama mbele ya jembe, na suruali yako, na koleo mkononi. Nilikuwa nimeunganisha waya wa mwisho dakika chache kabla ya hapo, na taa zote nimeziwasha kuzijaribu.

Akageuka amwite Bibi atuamue.

Bibi alikuwa ameshatoka. Alisimama mlangoni na fimbo yake, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Akaitazama paneli. Akalitazama kaburi lako. Akainua uso, akaiona taa ya barazani inawaka juu ya kichwa chake saa saba mchana, na ghafla akafoka kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Zimeni hiyo taa! Si mchana huu?"

Baba, maneno yako! Maneno uliyotupigia kelele maisha yetu yote. Sikujua kumbe uliyachukua kwake. Na Baba Mdogo, mzee mzima mwenye mvi, aliacha jembe limechomekwa akakimbia ndani kuzima. Nilisikia swichi. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Aliibeba miche yake akaenda kuipanda nyuma ya jiko, na Bibi akamfuata kumwonyesha mashimo yachimbwe wapi.

Bibi haendi popote. Jioni alikula bakuli zima la mtori chini ya taa, akanilalamikia chumvi.

Bado wapo wanaosema nimekukosea, na leo asubuhi mmoja ameniambia usoni. Nimemjibu kwamba anayelalamika aje na kitambaa, kila Jumamosi saa moja naifuta. Ukungu wa Juni ukishuka, tutafanya kama ulivyokuwa ukifanya: taa moja tu, simu zichajiwe mchana, na pasi ni ya mkaa. Atakayeichomeka pasi ya umeme kwenye nyumba hii, awe shemeji, awe padri, nitamtoa nayo nje.

Nakuahidi maji ya chupa, mpaka siku nitakapokufa. Na nakuahidi pengo hili. Hakuna mgomba utakaopandwa hapa, wala mbuni, wala ua, maadamu nina mikono. Lilifunguliwa na msiba wako, mimi ndiye ninayekataa lizibwe.

Bibi ananiita, anasema jua linaniunguza. Pumzika, Baba. Samahani kwa lile jagi. Aika, asante kwa vyote ulivyonifundisha, hata vile nilivyovicheka.

Nimemaliza. Shikamoo, Baba. Sasa itikia.

Manka wako