Mama Uliyemuua Kitabuni

Kabiro, Kawangware.

Kaka yangu Austin,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, unakula vizuri na kile kikohozi kimepoa. Sisi huku tunapumua. Nakuandikia kwa sababu simu zangu huchukui, ingawa kutoka huko Kilimani hadi hapa ni mwendo wa miguu.

Kitabu chako kilitufikia. Shivachi, yule jirani yetu wa Kisumu Ndogo, alikileta mwenyewe mpaka kwenye meza ya Mama ya kuuzia omena, akamtangazia kwa sauti kwamba mwanawe amemwandika mlevi mchapa watoto, na mwishoni amemuua, tena akifa peke yake. Wanawake wakacheka. Haki ya Mungu, siku hiyo ningekupata ningekuzaba kofi.

Mama hajui kusoma, unajua. Aliniomba nimsomee. Nikawa naruka mabaya, akanishika mkono, akasema nirudi nilipoacha. Austin, kitabu chako ni giza tupu, hakuna mtu anayecheka humo hata mara moja. Lakini kuna pale mtoto anaungua na uji, mama anamtukana, anamwita mjinga, halafu anakaa anampulizia mkono mpaka analala. Mama alinifanya nirudie hapo kila jioni. Alisema wengine wanaona matusi, yeye anaona hukusahau alivyokupulizia. Eti mtoto wa kuandika hivyo anampenda mamake, ila anaona haya. Nilimwambia aache kujidanganya.

Kuhusu kile kifo, alisema huko alikozaliwa ukimtangaza mtu amekufa naye yuko hai, lazima uje mle kuku pamoja, mkifute. Akanunua jogoo akamfunga mlangoni. Alipougua nikamhamishia hapa kwangu, na jogoo wake akaja naye. Nilikutumia ujumbe uje. Ulijibu mara moja tu, kwamba ile ni sanaa, tusijione humo. Nilipomwambia Mama, alifurahi sana kwamba umejibu.

Sasa wacha nikwambie. Mama hayuko. Tumemzika nyumbani, Khayega. Watu waliuliza kifungua mimba wake yuko wapi, na mchanga wako kaburini nikautupa mimi. Asubuhi ile ya mwisho aliuliza kama umefika. Nilimdanganya, nikamwambia umeshashuka matatu pale kituo cha 56, unakuja. Ungeona uso wake! Akaniambia nikimbie nichinje jogoo, usije ukafika ukangoja na njaa. Nikachinja. Alikata roho nikiwa bado nje nanyonyoa manyoya.

Watoto wangu wanakusalimu. Nawe wasalimie wasomaji wako.

Ni mimi dada yako,
Phanice