Madebe Mbele ya Duka

Malaba, Jumanne, 1977

Nimeyatoa. Tangu Baba Rehema avuke mpaka kwenda Uganda na lori lake, madebe yale ya mchanga yalimlindia nafasi mbele ya duka.

Leo dereva mgeni alijaribu mara sita kupenyeza lori kinyumenyume kati ya madebe na ukuta wa kinu cha kusagia posho. Tairi likazama mtaroni. Akanikera, kisha nikamhurumia.

“Mama, hii nafasi ni ya nani?”

“Ya mume wangu.”

“Anafika saa ngapi?”

Ni miezi minane sasa. Niliyakokota madebe hadi ndani, naye akaingia vizuri.

Baba Rehema alikuwa anaingia hapo kwa jaribio moja tu, huku akinisalimia dirishani.

Nimefunga duka, lori la watu liko pale. Akirudi usiku huu, ataegesha wapi?